Ofa ya pauni 40,000 na zile siku 21

Leicester, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Natumai goti limetulia kidogo na usiku unapata usingizi. Ile barua ya bima ya mwajiri wako, kuhusu kesi yako ya kuumia goti kazini ghalani, uliyonitumia picha nimeisoma na kuirudia. Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia simu, maana haya ni mambo ya tarehe na hesabu, na utataka kuyasoma tena ukiwa na shemeji. Wakili wako ndiye mwenye jalada na ndiye wa kukushauri. Mimi nakueleza ninachokijua kwa kufanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, ili ukienda kwake ujue cha kumuuliza.

Barua ile ni ofa rasmi chini ya Sehemu ya 36 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, zinazotumika Uingereza na Wales tangu 1999. Bima ya mwajiri wako inasema chukua pauni 40,000, tufunge. Ukikubali ndani ya siku 21, kwa kawaida pesa zinatakiwa zilipwe ndani ya siku 14, na gharama za kesi mpaka siku uliyokubali zinakuwa juu yao, kwa viwango vilivyowekwa na kanuni. Hadi hapo hakuna kibaya.

Shemeji anasema ofa ni dalili kwamba wameogopa, kwa hiyo twende mahakamani wakatoe zaidi. Namheshimu sana, na najua anasema hivyo kwa uchungu wa kukuona unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Lakini hapo sikubaliani naye. Makampuni ya bima huandika ofa hizi kila siku, hata kwenye kesi wanazoamini watazishinda nusu. Hawaziandiki kwa woga. Wanaziandika kwa sababu tangu siku ya 21 ikipita, hatari iliyokuwa juu yao inahamia kwako.

Inahamaje? Sisi tumezoea kwamba gharama humfuata aliyeshindwa. Hata kwetu Kenya, kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ndivyo kinavyosema, isipokuwa mahakama iwe na sababu nzuri ya kuamua vingine. Hapa pia ndiyo kanuni ya jumla, ila Sehemu ya 36 inaikata katikati. Chukua mfano umekataa, kesi imesikilizwa, jaji amesema mwajiri alikosea na unastahili pauni 38,000. Umeshinda. Lakini hukuipita ofa yao. Kwa hiyo gharama zako watalipa mpaka siku ile ya 21 tu, na kuanzia hapo wewe ndiye utakayelipa za kwao, pamoja na riba. Na kwenye kesi kama yako gharama nyingi huja mwishoni: madaktari, maandalizi ya mashahidi, mwanasheria wa kusimama mbele ya jaji.

Tena kanuni haina huruma ya karibu-karibu. Jaji akikupa pauni 40,000 kamili, hujaipita. Akikupa 40,001, umeipita. Kuna wakati mahakama ya rufaa ilifungua mlango wa kuangalia kama ziada ndogo namna hiyo ilistahili usumbufu wa kesi nzima, lakini kanuni zikarekebishwa, na sasa ziada yoyote ya fedha, hata iwe ndogo kiasi gani, inahesabika. Jaji anaweza kuamua vingine akiona matokeo hayo si ya haki, lakini kumshawishi ni kazi ngumu mno. Usiipangie maisha yako.

Uliniuliza kama wanaweza kukuchukulia nyumba. Hapana, maadamu umesema kweli kwenye kesi yako, na mimi najua umesema kweli. Tangu 2013 mdai wa majeraha ya mwili analindwa asifilisiwe na gharama za upande wa pili. Ila ulinzi huo ulipunguzwa tarehe 6 Aprili 2023. Kwa kesi zilizofunguliwa tangu siku hiyo, kama yako, gharama zao zinaweza kukatwa kwenye fidia yako na hata kwenye gharama za kesi unazostahili kulipwa na wao. Nyumba na akiba ya watoto haziguswi. Fidia yenyewe ndiyo inayoweza kuliwa, na hiyo ndiyo pesa ya kukutunza wewe na goti lako. Ndiyo maana sitaki uipitishe tarehe hii kimya kimya.

Sasa, sikusukumi ukubali. Nasema wazi kwamba mpaka leo hakuna anayeweza kujua kama 40,000 ni nyingi au ni kidogo, kwa sababu ripoti ya daktari wa mifupa haijatoka. Akisema goti litapona ndani ya mwaka, hiyo ni ofa nzuri. Akisema utahitaji kubadilishiwa goti kabla ya miaka 60 na huwezi kurudi kazi ya kusimama ghalani, basi ni ndogo sana. Na ukikubali ndiyo basi. Goti likiharibika zaidi miaka mitano ijayo, huwezi kurudi kudai tena. Hili ndilo linaloniuma katika barua yako: wamekuja na namba kabla wewe mwenyewe hujaujua mwili wako utakuwaje. Si kosa kisheria, lakini ni shinikizo, na shinikizo hujibiwa kwa maandishi.

Kwa hiyo kesho asubuhi mwombe wakili afanye mambo mawili kwa haraka. Awaandikie kwamba hamwezi kuipima ofa bila ripoti, awaombe waongeze muda mpaka ripoti itoke na mpate wiki chache za kuisoma. Wanaweza kukataa. Hata wakikataa, barua ile itabaki kwenye jalada, na jaji anapofikiria haki ya matokeo huangalia taarifa gani pande zote zilikuwa nazo wakati ofa ilipotolewa. La pili, awaulize chochote kisichoeleweka kwenye ofa, hasa makato, yaani kinachokatwa kwenye fidia kwa ajili ya yale malipo ya serikali uliyopokea ukiwa nyumbani. Kuomba ufafanuzi kuna muda wake pia, siku 7 tangu ofa itolewe, na wewe umeshatumia nne. Zile 40,000 zimeandikwa ni baada ya makato. Hakikisha hivyo ndivyo, kwa sababu siku ya hukumu watalinganisha kiasi kinachobaki baada ya makato.

Halafu mwulize wakili swali la fedha bila haya. Uliumia Februari 2024, baada ya mfumo mpya wa gharama kuanza Oktoba 2023, kwa hiyo kwa kesi ya ukubwa huu gharama zinakwenda kwa jedwali, yaani viwango vilivyokwisha kupangwa. Hakuna kisingizio cha kusema haiwezekani kukadiria. Akuandikie: nikikataa, nikapata 35,000, mkononi nitabaki na ngapi? Nikipata 50,000 je? Na mkataba wenu wa usiposhinda hulipi usomwe upya. Mikataba mingi ya aina hiyo ina kifungu kinachosema ukiikataa ofa kwa ushauri wa wakili, kisha usiipite, yeye hakudai malipo ya kazi aliyoifanya baadaye. Ukiikataa kinyume cha ushauri wake, hali ni nyingine. Bima ya gharama, ile inayokukinga na gharama za upande wa pili, nayo mara nyingi inategemea hilo hilo. Kwa hiyo ushauri wake, wowote ule, uwe kwenye karatasi.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba na wewe unaweza kutoa ofa yako. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda ya kanuni hizi, kwa sababu inampa mtu aliyeumia ghalani silaha ile ile aliyo nayo bima. Ripoti ikitoka na wakili akaona kesi yako ina thamani ya, tuseme, 60,000, mnaweza kuwaandikia ofa ya 55,000. Wakikataa, na jaji akakupa 55,000 au zaidi, wao ndio wanaoumia. Wewe ukilingana tu na ofa yako inatosha, huhitaji kuipita. Unapata nyongeza ya asilimia 10 ya fidia, riba inayoweza kufika asilimia 10 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu ya Uingereza, na gharama zako za jedwali kuanzia hapo zinapandishwa kwa asilimia 35. Ofa iwe ya kweli lakini, si namba ya kujidai. Meneja wa bima akiiona anajua kwamba kila mwezi anaosubiri una bei.

Na kutoa ofa yako hakuifuti ya kwao. Kwenye mikataba ya kawaida ukikataa pendekezo limekufa, ila chini ya Sehemu ya 36 ofa hubaki wazi mpaka waiondoe kwa maandishi, na mahakama ya rufaa ilithibitisha hivyo 2010. Hata baada ya siku 21 unaweza kuikubali kama hawajaiondoa. Tofauti ni kwamba gharama zao tangu muda ulipokwisha kwa kawaida zitakuwa zako. Kwa hiyo ripoti ikija wiki tano kutoka sasa na ikawa na habari njema, mlango unaweza kuwa bado uko wazi, ila utalipia kuchelewa. Nao wanaweza kuufunga wakati wowote.

Jambo moja la tahadhari. Ofa hii jaji wako hapaswi kuijua mpaka amalize kuamua. Usiitaje kwenye maelezo yako ya ushahidi, wala kwa daktari wa kesi, wala kwenye lile kundi la WhatsApp la wafanyakazi wenzako.

Msalimie sana shemeji, na umwonyeshe barua hii kama utaona inafaa. Wakili akishakujibu kuhusu zile hesabu nitumie, tuzipitie pamoja kabla ya Ijumaa. Jioni zote niko nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako