Mzee anasubiri faili lake

Mama Kulwa shoga yangu,

Najua umeninunia na una haki, voisi zako zote nimezisikiliza na sijajibu hata moja, ila si kwamba nimekusahau jamani, ni shughuli ya huyu mzee ninayemlea hapa mji wa Frederick, Maryland, Marekani, nikitoka kwake nikiona kitanda tu nishalala. Leo jua limezama Sabato imeisha nikasema nikae nikuandikie kirefu, maana jambo lenyewe na wewe linakuhusu, utaliona huko mbele.

Nilishakwambia ni Msabato mwenzetu na alikuwa jeshini. Nilichokuwa sijui ni huko jeshini alikuwa anafanya nini. Mwezi wa tatu nimempeleka kliniki, daktari mpya, kijana tu, anamuuliza mzee umewahi kuugua magonjwa gani makubwa, umewahi kuchanjwa nini, mzee kanyamaza weee, halafu akasema mimi nilidungwa vitu vingi ujanani majina siyakumbuki na karatasi sina. Yule daktari akaandika HAKUNA. Nimeiona kwenye kompyuta na mzee naye kaiona. Kwenye gari hakusema neno, kufika nyumbani ndo akaanza kunisimulia.

Kumbe hapa hapa mjini kuna kambi, Fort Detrick, mi napita getini na basi kila siku. Kuanzia 1954 mpaka 1973 jeshi la Marekani lilikuwa na mradi hapo unaitwa Operation Whitecoat, vijana kama 2,300, karibu wote Waadventista Wasabato, wale waliochukuliwa jeshi kwa lazima lakini kwa imani yao bunduki hawashiki. Wakaambiwa mnaweza kujitolea kwenye utafiti wa magonjwa, wakakubali. Kila jaribio walikuwa wanaelezwa na kusaini fomu ya ridhaa na asiyetaka alikuwa anakataa, hilo mzee analisisitiza mno, hataki kabisa mtu aseme walidanganywa. Maana kuna wengine kama 7,000 walijaribiwa gesi za sumu na hata LSD, ile dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone vitu visivyokuwepo, kule kambi ya Edgewood, Maryland hii hii, na wengi wao wanalia mpaka leo kwamba hawakuambiwa wanapewa nini. Hao walienda mahakamani 2009, na 2013 jaji akaliamuru jeshi liwe linawapa taarifa waliojitolea kila kinapojulikana kitu kipya kuhusu afya zao, rufaa ya 2015 ikasema na matibabu pia. Amri yenyewe inawafaa hata wazee wa Whitecoat, ila uipate hiyo haki lazima uoneshe karatasi kwamba ulikuwepo. Na karatasi ndo hiyo hana!

Anachokumbuka yeye ni dude la duara la chuma, refu kama ghorofa 4, wanaliita Eight Ball, ndani linachukua lita milioni 1 za hewa. Pembeni kulikuwa na vibanda kama vya simu, unaingia unafungwa mpira usoni unavuta pumzi basi. Siku ya tatu homa ikamshika, akatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, wakampa dawa akapona. Alikuwa na miaka 21.

Nikaanza kutafuta. Cha kwanza nilichokuta, mtoto wake alishamlipa jamaa mmoja wa mtandaoni dola 90 amletee kumbukumbu na hakuleta kitu, niliumia kweli, kwa sababu kuomba ni bure! Unajaza fomu SF-180, inaenda kituo cha kumbukumbu za wanajeshi St. Louis, kwa mwenyewe au mjane wake au watoto hawadai hata senti. Ila wanataka namba ya jeshi, na miaka hiyo jeshi la nchi kavu lilikuwa halijaanza kutumia namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ambayo kila mtu huku anayo, hiyo ilikuja 1969 na yeye alitoka 1967. Tumepekua droo zote wiki nzima. Mwisho nimekikuta kile kibati cha kuvaa shingoni ndani ya kopo la vifungo vya marehemu mke wake, kimeparuza lakini namba inasomeka, inaanza na herufi US, ndo waliyokuwa wanapewa walioitwa kwa lazima. Mzee kakiweka kiganjani akawa anakisugua na kidole gumba, sikumharakisha.

Kusaini nako ilikuwa kazi, mkono unatetemeka. Mi nimeshika karatasi tu isiteleze, mkono sikumshika, nilitaka sahihi iwe ya kwake mwenyewe.

Ana rafiki yake wa zamani, wa 1955, wale 30 waliokalishwa usiku kwenye jangwa la Utah pamoja na vizimba vya wanyama, upepo ukawaletea vijidudu vya homa ya Q, ugonjwa unaotokaga kwa mifugo. Huyo yeye tumegonga ukuta. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la St. Louis liliungua, mafaili milioni 16 mpaka 18 yakateketea, kopi hakuna, na kwa waliotoka jeshi la nchi kavu kati ya 1912 na 1960 yalikwenda asilimia 80. Yeye alitoka 1957. Sasa hivi tunamtafutia kwenye hati za mishahara, maana kulipwa alilipwa na jeshi haliwezi kukataa hilo.

Cheti cha mzee wangu cha kutoka jeshini kimeshafika. Lakini Mama Kulwa, hilo ni faili la utumishi tu, linasema alikuwa Fort Detrick, halisemi aliingizwa nini mwilini. Faili la utafiti ni lingine kabisa, hilo unawaandikia jeshi wenyewe, na sheria ya faragha ya 1974 inampa mtu haki ya kuona kilichoandikwa juu yake. Barua tumepeleka. Hatafuti hela. Anataka siku akiulizwa tena asiandikiwe hakuna.

Sasa linalokuhusu. Moja ya chanjo walizojaribiwa vijana wale ni ya homa ya Bonde la Ufa. Mzee anakumbuka kusoma "Rift Valley" kwenye fomu akadhani ni bonde la California huko. Nilipomwambia ni kwetu, kwamba ugonjwa uligunduliwa kwa kondoo wa Naivasha 1931 na kwamba 2007 ulipita Dodoma ukaua watu, akanishika mkono akauliza, je sasa watu wenu wanayo ile chanjo? Nikamwambia ukweli, ya mifugo ipo, ya binadamu bado haijaidhinishwa kwa wananchi. Akageuka akatazama dirishani muda mrefu.

Kwa hiyo naomba unifanyie hivi, wewe ndo ulikuwa umeanza uafisa mifugo mwaka ule. Nirekodie voisi, hata dakika tano, umwambie uliyoyaona, zile zizi ambazo mbuzi wote walitupa mimba, minada kufungwa, watu kuogopa nyama, yule mchunga mifugo uliyeniambiaga. Ongea Kiswahili chako tu mi ntamtafsiria. Usimpunguzie. Itume kabla ya Jumatano, siku hiyo nashinda naye, na posta huwa inapita saa nane.

Kulwa na Doto wasalimie.

Nakundwa wako