Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuambiwe kabla ya dripu ya kwanza

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Yah: Kunyonyoka nywele kwa wagonjwa wa saratani ya matiti wanaotumia kemo

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe, mkoa wa Tanga. Nina miaka 43, watoto watatu na titi moja. La kushoto liliondolewa kwa upasuaji, kisha nikapangiwa mizunguko minane ya kemo, yaani dawa za saratani zinazotolewa kwa dripu, kila baada ya siku 21. Nimeimaliza yote. Ndiyo maana leo nina nguvu ya kushika kalamu.

Ninachokuandikia ni nywele. Najua mezani kwako kuna upungufu wa dawa, kuna mashine za mionzi, kuna madaktari bingwa wasiotosha. Naomba barua hii usiiweke chini ya mafaili hayo ukidhani inahusu urembo. Soma kwanza yaliyonipata.

Siku ya dripu ya kwanza nilielezwa mengi. Niliambiwa nitatapika, ninywe maji kwa wingi, na nisishtuke mkojo ukiwa mwekundu kwa siku moja au mbili, kwa sababu dawa mojawapo, doksorubisini, yenyewe ni nyekundu. Niliambiwa nikipata homa nisisubiri kukuche. Nywele hazikutajwa. Hospitali siitaji na sitaitaja, kwa kuwa sina kinyongo na mtu. Wauguzi walikuwa wawili, wagonjwa tumejaa ukumbi mzima, na yule dada aliyenitundikia dripu sikumwona akikaa tangu asubuhi hadi naondoka.

Nikarudi nyumbani. Siku ya 16 kichwa kikaanza kuuma. Maumivu yalikuwa kwenye ngozi yenyewe, kama vile umesukwa na msusi anayekaza mno, ukalala na misuko ikikuvuta usiku kucha. Nilikuwa bado na misuko ya twende kilioni niliyosafiri nayo kwenda hospitali, nikadhani labda ndiyo inayonibana. Nikakaa mkekani nifumue. Msuko wa kwanza nilioushika ulikuja wote mkononi, na mizizi yake. Wa pili hivyo hivyo. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa ananimulikia kwa tochi ya simu. Aliutazama ule msuko, akanitazama mimi, akasema, "Mama, irudishe."

Asubuhi alikuja shangazi yangu na wembe mpya wa dukani. Mheshimiwa, unafahamu kwamba katika makabila mengi ya nchi hii kichwa cha mwanamke hunyolewa msibani. Shangazi alininyoa kama alivyowahi kumnyoa mama yangu tulipofiwa na baba: beseni la maji, povu la sabuni, na wimbo wa chinichini ambao nadhani hata yeye hakujua kuwa anauimba. Mikono yake siku hizi inatetemeka. Alinikata mahali pawili, utosini na nyuma ya sikio. Hatukuona kuwa ni jambo kubwa.

Siku mbili baadaye nilikuwa na homa ya nyuzi 38.9. Pale nyuma ya sikio palikuwa pamevimba na kutunga usaha. Vipimo vya damu vikaonyesha kinga yangu iko chini sana, kwani kemo hushusha chembechembe nyeupe za damu na zangu zilikuwa bado hazijapanda. Nikalazwa siku tano kwa dripu za antibayotiki, na mzunguko wa pili ukaahirishwa kwa wiki mbili. Daktari aliyenipokea aliuliza, "Nani alikuruhusu kutumia wembe?" Hakuna aliyeniruhusu, Mheshimiwa, na hakuna aliyenikataza. Mashine ya umeme ya kinyozi, ikiwa safi, ingenitosha. Neno moja tu lingenitosha.

Niliyoyajua baadaye, niliyajua kwa kuuliza. Kemo inazifuata seli zinazogawanyika kwa kasi, na saratani ndiyo tabia yake. Lakini mwilini ziko seli nyingine zenye kasi hiyo ambazo hazina kosa: shina la unywele, ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo, uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Kwa hiyo vidonda vya mdomoni, kuharisha, kuishiwa damu na kipara vyote vina mzizi mmoja. Kwa dawa kama nilizopewa mimi, nywele huanza kupukutika wiki ya pili au ya tatu baada ya dripu ya kwanza. Nyusi na kope hufuata. Kazi ya kope niliijua nilipozikosa: gari likipita barabara ya vumbi, macho yanajaa. Vinyweleo vya puani navyo huondoka, na kamasi jepesi linachuruzika bila mafua. Na kwa walio wengi nywele huanza kurudi miezi michache baada ya dripu ya mwisho. Zangu zilirudi laini kuliko za mwanzo.

Kupukutika huko hakumaanishi kwamba saratani imesambaa, wala kwamba dawa inamuua mgonjwa. Maneno hayo mawili ningepewa siku ya kwanza, ningelala usiku ule.

Sasa nieleze kwa nini nasema jambo hili ni la wizara, na halimhusu mwanamke mmoja na kioo chake. Titi nililificha kwa kitambaa ndani ya sidiria. Kovu halionekani. Kichwa ndicho kilichoonekana mtaani, na mtaa ukatoa hukumu kwa kukitazama hicho. Mmoja alisema mionzi imemuunguza mwalimu, ilhali mionzi nilikuwa sijapewa hata siku moja. Mwingine akasema ni ule ugonjwa. Wapo waliomwambia mume wangu kwamba nimerogwa na mwalimu mwenzangu, wakamtaja kwa jina. Athari ya kawaida ya dawa ikageuzwa kuwa ushahidi wa dawa kuua.

Tulianza matibabu siku moja na mama mmoja kutoka mkoa mwingine. Viti vyetu vilikuwa jirani, tukagawana chungwa. Tulipokutana tena alikuwa amejifunga kilemba, akanifunulia pembeni kidogo nione, nami nikamfunulia changu. Mzunguko wa tatu hakuja. Nikampigia simu. Alisema ndugu wa mume wamekaa kikao, wamesema dawa za hospitali zinammaliza, tazameni kichwa. Wamepata mtu wa dawa za miti shamba. Nilimsihi. Akasema, "Dada, wewe wako wanakuelewa." Nilipopiga tena baada ya miezi kadhaa, alipokea mwanawe wa kiume. Alivyotaja jina la mama yake nikajua.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wake wa dunia wa saratani ya matiti, wenye malengo matatu. Angalau asilimia 60 ya saratani zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu waliyopangiwa. Mwaka 2022 peke yake wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na ugonjwa huu na watu 670,000 waliuawa nao. Hapa kwetu kwa wanawake ni saratani ya pili kwa ukubwa baada ya ile ya mlango wa kizazi. Ninaposoma lengo la tatu namwona yule mama. Alikuwa amegundulika, alikuwa amefika, dripu mbili zilikuwa tayari mwilini mwake. Kilichomtoa ni kikao cha ukoo kilichokaa kujadili kipara chake, na hakuna mtu wa afya aliyekuwa amewatangulia kuzungumza na ukoo huo.

Kila Oktoba tunavaa pinki, tunatembea, tunafundishwa kujipapasa matiti. Nashukuru kwa dhati, kwa kuwa uvimbe wangu niliugundua kwa mafunzo hayo, nikiwa naoga. Lakini mafunzo yanakomea mlangoni mwa hospitali. Yanayofuata baada ya mlango kila mmoja anajifunza kwa mwili wake.

Ombi langu ni nusu saa. Popote kemo inapotolewa, kuanzia Ocean Road hadi Bugando na KCMC na hospitali nyingine zote, mgonjwa asitundikiwe dripu ya kwanza kabla hajakaa nusu saa na mtu wa kumweleza yanayokuja, kwa Kiswahili cha nyumbani, na nywele zitajwe kwa jina: siku zitakapoanza kupukutika, kwamba apunguze mapema kwa mkasi au mashine akitaka, kwamba wembe ni hatari, kwamba ngozi ya kichwa itauma na ipakwe mafuta mepesi yasiyo na dawa, kwamba kichwa kisichomwe na jua. Apewe na karatasi moja aondoke nayo.

Na asiitwe peke yake. Hili nalisisitiza kuliko yote. Aitwe na mtu wake: mume, dada, mama mkwe, shangazi. Aliyeshika wembe nyumbani kwangu hakuwa mimi. Walioketi kikao cha yule mama hawakuwa yeye. Mgonjwa wa kwetu hatibiwi akiwa mmoja, maamuzi yake yana watu wengi ndani yake, na watu hao wakibaki nje ya chumba wataamua kwa wanachokiona.

Kama muuguzi hana nafasi, na nimeona kwa macho yangu kwamba hana, tupo sisi tuliomaliza. Mwanamke aliyepona akivua kilemba mbele ya anayeanza, akamwonyesha nywele zilizoota, anamaliza maswali ambayo kitabu hakimalizi. Kinachohitajika ni utaratibu wa wizara wa kutuingiza wodini kihalali, tufundishwe mipaka yetu, tulipiwe nauli. Pembeni ya wodi kiwekwe kiti, kioo, pazia na mashine ya kunyolea inayosafishwa kwa dawa kila baada ya mtu mmoja. Atakayetaka kunyolewa pale, katikati ya wenzake wanaojua, anyolewe pale.

Wapo walioniambia niombe kofia za baridi zinazozuia nywele zisianguke. Zipo kweli, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa cha aina hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya matiti mwezi Desemba 2015. Huvaliwa kabla ya dripu, wakati wa dripu na baada yake, ili ubaridi upunguze damu na dawa inayofika kwenye mashina ya nywele. Lakini ni mashine ya gharama, kwa dawa kama doksorubisini matokeo yake ni hafifu zaidi, na kwenye nywele nzito za kipilipili kama zetu kofia hailali vizuri juu ya ngozi. Siombi hizo kwa sasa. Fedha hiyo ikipatikana inunue kwanza dawa yenyewe ya kemo, kama paklitakseli.

Wigi ni habari nyingine. Mimi nilinunua, nikavaa siku tatu, joto la Korogwe na ule wavu wa ndani vikanishinda, nikarudi kwenye kilemba cha kanga. Lakini nilitibiwa pamoja na dada wa mapokezi katika hoteli, ambaye bila wigi asingekaa kazini. Wakati kitita cha mafao kinapojadiliwa chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, naomba wigi la kawaida au vilemba viwili vya pamba vifikiriwe, kama gongo linavyofikiriwa kwa aliyevunjika mguu.

Nimalizie na darasa langu. Nilirudi kufundisha Darasa la Nne nikiwa na kilemba. Siku moja naandika ubaoni, kilemba kikafunguka, kikaanguka chini penye vumbi la chaki. Watoto 70 wakanyamaza kimya. Mvulana mmoja wa dawati la mbele akainuka, akakiokota, akakikung'uta, akanipa kwa mikono miwili. "Mwalimu, hiki hapa." Siku iliyofuata niliweka kitabu pembeni, nikawaeleza seli ni nini, dawa inafanya nini na nywele zitarudi lini. Ilichukua dakika kumi. Wakauliza maswali mazuri, mmoja akataka kujua kama kucha nazo zinaanguka. Jioni wazazi wawili walikuja kunisalimu nyumbani kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuugua. Walikuwa wameelezwa na watoto wao.

Shule zikifungwa mwezi Juni nitakuwa na nafasi. Popote wizara yako itakapoamua kuanzia, niko tayari kuwa mmoja wa watakaokaa kwenye chumba hicho cha nusu saa. Shangazi yangu naye amesema atakuja. Anataka yeye mwenyewe awaeleze mashangazi wenzake habari ya wembe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Korogwe, Tanga.