Ukali wa sauti ya gitaa na uchaguzi wa pikapu

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wapiga gitaa la umeme ambao, wakichoshwa na sauti kali inayochoma masikio, hukimbilia kununua pikapu mpya (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, sizungumzii gari) kwa kuangalia nguvu yake tu. Pikapu yenye sumaku ya alniko 2 (aina ya aloi ya alumini, nikeli na kobalti) kwa kawaida hutoa sauti laini kuliko yenye alniko 5, na mizunguko mingi zaidi ya waya kwenye koili hupunguza ukali wa sauti za juu, ingawa ikizidi mno gitaa hupoteza uwazi wake. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, ishusheni kwanza kwa bisibisi pikapu mliyo nayo, iwe mbali kidogo na nyuzi, kisha mkague kidhibiti sauti, kwani kuweka chenye ukinzani wa kilo-omu 250 badala ya 500 mara nyingi hutosha kupunguza ukali huo.

Msomaji wenu, mpiga gitaa