Somo la Alhamisi: Nikodemo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi tunasoma habari za Nikodemo, Farisayo na mmoja wa wakuu wa baraza la Wayahudi, na naomba msiishie Yohana 3, pale alipomjia Yesu usiku. Someni pia 7:50-51. Barazani anauliza swali moja tu la sheria, wenzake wanamkejeli, na hatusikii akijibu tena. Kisha 19:39: Yesu ameshakufa, na yeye anakuja na manemane na udi, ratili mia hivi. Mzigo huo haufichiki chini ya joho!

Nimemchagua kwa sababu baadhi yenu mmeniandikia pembeni: mmoja anachekwa nyumbani akisali kabla ya kula, mwingine kazini wamemtenga tangu akatae kusaini hesabu za uongo. Hamjachelewa. Nikodemo naye alikwenda polepole.

Mkipata nafasi, ongezeni Matendo 4:29. Waumini wa kwanza waliotishwa wasihubiri hawakuomba vitisho viondolewe, waliomba ujasiri wa kunena. (Mimi ningeanza na kuondolewa, nakiri.)

Tafadhali msitaje hapa majina ya ndugu au mabosi wanaowapinga, ujumbe husambaa. Anayehitaji kuombewa aniandikie binafsi.