Kabla ya Kulaumu Spika, Gonga Boksi

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Kisumu huleta lalamiko moja: spika ni mpya, amplifaya ina nguvu ya kutosha, lakini besi inavuma kama debe tupu. Kabla ya kufungua chochote, sisi hugonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole, na likijibu kwa mvumo mrefu badala ya mlio mfupi mkavu, tunajua kosa liko kwenye ubao.

Koni, yaani kile kikombe cha spika kinachotetemeka, inapokwenda mbele na nyuma, hewa iliyomo ndani hubanwa na kuachiliwa, na ubao mwembamba hutetemeka ukatoa sauti yake ambayo mwimbaji hakuiimba. Ndiyo maana hatushuki chini ya unene wa milimita 18 kwa boksi la besi, na likiwa kubwa tunaunganisha ubavu mmoja na mwingine kwa kipande cha mbao ndani.

Kwa spika ya sebuleni, MDF, yaani ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inafaa sana: ni nzito, haina vifundo, na hukatika vizuri. Udhaifu wake ni maji, kwani kingo zisizopakwa rangi hufyonza unyevu, zikavimba, na zikivimba hazirudi. Boksi litakalopakiwa kwenye pikapu kupelekwa matangani wakati wa mvua za Aprili tunalitengeneza kwa plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Ukiinunua mwenyewe, tazama ukingo wake; ukiona matundu kati ya matabaka, iache dukani. Chipubodi, ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, ni rahisi kwa bei, ila skrubu ikifunguliwa mara mbili haishiki tena.

Mbao za mti mzima hupendeza macho, lakini hutanuka na kusinyaa. Tuliwahi kutengeneza boksi kwa saipresi ambayo haikuwa imekauka sawasawa. Kiungo kiliachana, hewa ikawa inafoka pembeni, nasi tukalitengeneza upya kwa gharama yetu.

Jambo moja huwaponyoka hata mafundi: ujazo hupimwa kwa ndani. Boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 60 lina lita 96 kwa nje, lakini ukitoa unene wa milimita 18 kila upande, zinabaki takriban lita 75, kabla hata ya kuhesabu nafasi ya spika yenyewe. Kwa hiyo, unapokuja, beba spika pamoja na karatasi yake ya vipimo, kwa maana hatuanzi kukata mpaka tujue lita zinazohitajika.