Zaka ya korosho si fungu la kumi

Mhariri,

Minada ya korosho ikianza Mtwara na Lindi, swali la zaka hurudi misikitini na majibu hupishana, kwa kuwa madhehebu yenyewe yanapishana. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi huku kwetu, zaka ya mavuno iko kwenye chakula kikuu kinachowekeka: mahindi, mtama, mbaazi. Korosho na ufuta hazimo. Imam Abu Hanifa, wa madhehebu ya Hanafi, yeye anatoza karibu kila kinachopandwa.

Basi mkulima wa Kishafi atazame fedha. Zikikaa mwaka mzima wa Kiislamu bila kushuka chini ya thamani ya gramu 85 za dhahabu, atoe asilimia 2.5. Zikiishia kwenye ada na bati kabla ya mwaka, hadaiwi.

Panapoharibika zaidi ni kwenye mahindi, maana watu huuza bila kupima. Kiwango cha chini cha kutolewa zaka ni kama kilo 653 zilizopukuchuliwa na kupepetwa. Shamba la mvua hutoa asilimia 10, la kumwagilia kwa gharama asilimia 5. Mahindi hayajumlishwi na mtama ili kufikia kiwango, na mpunga wenye maganda kiwango chake ni mara mbili.

Pishi la fitri halifuti deni hili. Wala sioni faida ya kugawa sarafu kwa foleni mlangoni: wanazuoni wa Kishafi wanaruhusu fundi masikini apewe bei ya vifaa vyake. Cherehani moja kwa mjane fundi wa Newala inatosha kuanzia.

Msomaji,
Mikindani, Mtwara