Mjomba, Ulaya haina bosi mmoja

Shikamoo Mjomba,

Tangu watu wa chama cha msingi waje na simu kuchukua vipimo vya shamba lako la kahawa, kila ukipiga unaniuliza lile lile: nani huko Ulaya kaamua haya, ni yule mama wa kwenye taarifa ya habari? Nakujibu hadharani maana wanaouliza ni wengi.

Yule mama ni Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, makao yake Brussels. Wananchi hawakumpigia kura. Wakuu wa nchi wanachama walimpendekeza, Bunge la Ulaya likampitisha Julai 2024 kwa kura 401. Kamisheni ina makamishna 27, mmoja kila nchi. Wanaandika miswada na kusimamia utekelezaji, ila kupitisha sheria si kazi yao.

Chukua hiyo ya kahawa. Kamisheni ilileta mswada Novemba 2021: kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yasiingie soko la Ulaya kama yametoka kwenye msitu uliofyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Vipimo vyako vinatokana na hapo: vinaonyesha kahawa imetoka shamba gani. Mswada ukaenda kwa wabunge, ambao wao huchaguliwa na wananchi kila miaka 5, na pia kwa mawaziri wa nchi zote. Kwa mawaziri hesabu ina masharti mawili: ziunge mkono nchi 15 kati ya 27, na nchi hizo ziwe na asilimia 65 ya watu wa Umoja mzima. Ujerumani ina uzito kuliko Malta, lakini haiwezi kuwaburuza wenzake. Sheria ikapita 2023. Makampuni yakalia, baadhi ya serikali nazo zikalia, na wabunge na mawaziri hao hao wakasogeza tarehe ya kuanza: kutoka Desemba 2024 hadi 2025, kisha hadi Desemba 2026.

Yapo mambo ambayo wingi wa kura hausaidii kitu. Kodi, sera ya nje, kumpokea mwanachama mpya: hapo ni kama kuuza kiwanja cha ukoo, mmoja akigoma kutia saini mnunuzi anarudi na pesa zake. Desemba 2023 viongozi walikuwa wanaamua kuanza mazungumzo ya uanachama na Ukraine, na Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungaria wakati huo, hataki. Kansela wa Ujerumani wakati huo, Olaf Scholz, akamshauri atoke nje kidogo. Akatoka! Waliobaki 26 wakakubaliana, ikahesabika hakuna aliyepinga. Usiku huo huo akarudi akazuia msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine, ukaja kupita Februari 2024. Mimi naona ule ulikuwa ujanja tu, lakini kanuni zinauruhusu.

Na ukisikia Baraza la Ulaya la Strasbourg, lenye nchi 46, usilichanganye na Umoja wa Ulaya; ni chombo kingine kabisa. Uingereza iliyojitoa kwenye Umoja 2020 bado imo humo.

Sasa shamba lako. Sheria ikianza, atakayebanwa ni kampuni inayoingiza kahawa Ulaya, si wewe. Ila bila vipimo vyako haina cha kuonyesha, kwa hiyo ile karatasi uliyoachiwa, nakuomba sana, usiifungie ugoro.